Sahan ya Kigali

Jumatatu, 13 Januari

Dawa baada ya alfajiri. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena, soksi haziingii. Halima amefagia chumba huku akinisimulia harusi ya jirani, nami nimeitikia bila kusikia.

Nimeficha jambo. Naliandika leo kwa sababu jana daktari alizungumza na Halima nje ya mlango, na Halima aliporudi ndani alikuwa mpole kupita kiasi. Jambo lenyewe ni hili: habari nilizompa mjukuu wangu Liban kuhusu jiji la Kigali ni za uongo. Anazitegemea. Kwa sababu ya habari hizo ataukataa mkataba ambao ungemfaa.

Nilidhani nikiliandika nitahisi kitu. Sijahisi kitu. Uji umeganda kikombeni.

Jumanne, 14 Januari

Nieleze kwa mpangilio, maana kichwa kinachoka haraka.

Liban ni mtoto wa Halima, binti yangu. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaanza shule, nikamlea hapa Garissa. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na mpira wa kikapu shuleni nilikuwa naufundisha mimi, kwenye uwanja wa saruji na pete zisizo na nyavu. Mtoto akarefuka kupita mlango. Sasa ana miaka ishirini na saba na kikapu ndiyo kazi yake. Amechezea klabu moja ya Nairobi misimu kadhaa. Mkataba umekwisha. Klabu hiyo inataka abaki. Klabu moja ya Kigali inataka aende. Malipo yanakaribiana. Makocha wote wawili wanajua kazi yao. Kilichobaki kumwamulia ni jiji: atalala wapi, atakula nini, ataswali wapi, na jioni baada ya mazoezi nani atagonga mlango wake.

Watu hudhani mchezaji huchagua timu. Nimefuatilia vijana niliowafundisha na sikubali. Mmoja aliikataa klabu nzuri ya Mombasa kwa sababu ya joto. Mtoto wa Garissa, anakimbia joto! Mwingine alikwenda Kampala kwa sababu ya muziki, akakaa benchi msimu mzima akiwa na furaha. Siwacheki. Mechi ni muda mfupi. Muda uliobaki mtu anaishi.

Liban alinipigia simu mwezi uliopita. Hakuomba ushauri. Alisema, "Awoowe, nifanyie sahan." Awoowe ni babu, na babu naye humwita mjukuu vivyo hivyo.

Jumatano, 15 Januari

Usingizi mbaya. Kulala chali siwezi tena, Halima ameniwekea mito mitatu.

Sahan ni kazi ya anayetangulia. Wafugaji wetu hawahami kabla mtu mmoja hajaenda mbele kuangalia malisho, maji, maradhi na majirani. Akirudi anaketishwa, anapewa maziwa, anasema alichoona. Kisha ngamia wanapakiwa. Hakuna anayetumwa nyuma yake kuhakikisha. Kumtuma wa pili ni kumwita wa kwanza mwongo, na kama wa kwanza ni mzee, ni kumvua nguo mbele ya watoto.

Baba yangu aliifanya kazi hiyo upande wa Kutulo. Alikuwa amegombana na kaka yake hata hawasalimiani. Lakini mwaka wa ukame alipotumwa, alirudi akamwambia kaka yake kweli yote kuhusu visima, kisha akaendelea kutomsalimia. Mtu wetu anaweza kudanganya kuhusu umri wake, kuhusu mahari, kuhusu idadi ya mbuzi mbele ya chifu. Kuhusu malisho hadanganyi. Akidanganya, watoto wa watu watakufa.

Siku hizi sahan ni simu tu. Kila jiji lina mtu wetu. Kigali yupo Bashir, mtoto wa ndugu yangu, ana duka la vipuri vya malori. Nilimpigia Bashir.

Jumamosi, 18 Januari

Bashir alisema hivi, na nakumbuka neno kwa neno kwa sababu yalikuwa mazuri.

Msikiti uko karibu na ukumbi wa mazoezi, mtu anatembea. Nyumba ya wachezaji iko mlimani, kimya. Jioni ni baridi ya kupendeza. Yupo mama mmoja wa Mogadishu anayepika canjeero kila asubuhi, chapati zetu za maji zinazochomwa kwenye chuma, na mchuzi. Maziwa ya ngamia hakuna, ya ng'ombe tele. Watu wana adabu na hawaingilii mambo yako. "Adeer," alisema, akiniita ami kama kawaida yake, "hapa mtu analala. Hapa hakuna anayekugongea mlango. Mwambie aje, atacheza hadi aote mvi."

Nikamshukuru. Nikampigia Liban siku ileile.

Nikamwambia: Hakuna atakayekugongea mlango, awoowe. Hata ukiugua. Nikamwambia watu wa kule hawaingilii mambo ya mtu, wakikusalimia wanaenda zao. Nikamwambia baridi ya milimani na lile goti lako, sijui. Nikamwambia maziwa ya ngamia hakuna. Msikiti sikuutaja. Yule mama sikumtaja. Haya yote naweza kusema niliyageuza tu, kama mtu anayegeuza shuka upande wa pili.

Lakini kuna moja sikuligeuza. Nililitunga. Nilisema Bashir mwenyewe amechoka na jiji hilo na anajiandaa kuhama.

Liban akasema, "Nimesikia, awoowe. Mahadsanid." Alinishukuru.

Jumapili, 19 Januari

Hakuna la kuandika. Halima amenikata ndevu. Joto.

Alhamisi, 23 Januari

Liban amekuja kupumzika kabla ya kusaini. Amekuja na mchezaji mwenzake, Otieno, kijana wa Kisumu, mabega kama mlango wa gereji. Wote wawili waliinama kuingia sebuleni na Halima akacheka hadi akashika ukuta.

Kwa ajili ya Otieno tumezungumza Kiswahili nyumba nzima. Mimi nimezoea; shajara hii naiandika kwa Kiswahili tangu chuo cha ualimu. Halima anakichakaza, lakini haoni haya.

Otieno aliuliza, "Mama, hili jua lenu lina hasira na nani?"

"Na wageni," Halima akajibu.

Alipewa maziwa ya ngamia. Akanusa. Akasema yana moshi. Halima akamwambia ni kibuyu kinachofukizwa, anywe, ataruka juu ya pete. "Nikinywa yote nitaruka moja kwa moja hadi chooni," akasema Otieno, akanywa yote, na kweli alikwenda mara kadhaa.

Nilimpenda. Ni mara ya kwanza nyumba hii ina kelele tangu moyo wangu uanze kuharibika.

Wakati wa chai nilimwuliza amesaini wapi. Kigali. Alishasaini. Nikamwuliza kwa nini, sauti yangu ikiwa ya kawaida kabisa. Akasema, "Mzee, mchezaji hasaini timu. Anasaini mtaa. Mimi Nairobi kila Ijumaa nina rafiki mpya na kila Jumatatu nina kichwa kinauma. Kule wanalala mapema kama kuku. Wacha na mimi niwe kuku kidogo, magoti yapone."

Liban alikuwa akitazama kikombe chake.

Ijumaa, 24 Januari

Simu ya Liban hainyamazi. Nimekaa karibu naye tangu swala ya adhuhuri nikisikiliza upande mmoja. Mtu anauliza ufunguo wa nyumba yake ya Eastleigh, Nairobi, umewekwa wapi. Mtu mwingine amelazwa na anataka aletewe chakula hospitalini. Binamu anaoa. Binamu mwingine ameachana na mke, wazee wanakaa kikao sebuleni kwa Liban kwa sababu sebule yake ni kubwa. Liban hayupo na kikao kinaendelea. Anajibu wote kwa upole. Hajui kukataa. Nilimfundisha mimi.

Baada ya hapo alilala uani kwenye mkeka, kivulini, hadi magharibi. Alilala kama mgonjwa. Alipoamka alimwambia mama yake, "Hooyo, sijalala hivi tangu Ramadhani iliyopita."

Msimu uliopita alichelewa mazoezi mara nyingi. Robo ya mwisho ya mechi alikuwa akishika magoti na kuhema. Kocha amemwambia wazi kwamba akibaki, abaki kama mchezaji, si kama balozi wa ukoo. Akishindwa mwaka huu, hatapata klabu nyingine. Anajua. Mimi pia najua. Nilijua hata nilipokuwa nikimdanganya kwenye simu.

Jumapili, 26 Januari

Nimesikia nisichotumwa kusikia. Nilikuwa kitandani, dirisha wazi, wao wawili barazani.

Otieno: "Babu yako alifika Kigali lini?"

"Hajafika."

"Sasa?"

"Aliuliza."

"Msee, na wewe si una simu? Mpigie huyo Bashir, dakika tano."

"Siwezi kuuliza nyuma ya mzee."

"Wewe ni mtu mzima. Yaani wewe ni watu wazima wawili wamebebana."

Liban alicheka. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto: "Kwetu mzee akisema malisho hakuna, hakuna."

"Hata kama yapo?"

"Hata kama yapo. Lakini huyu hajawahi kusema yasiyopo. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema kweli refa akikosea kwa faida yetu."

Otieno akaomba chumvi ya karanga.

Ni kweli nilimfundisha hivyo. Nilingoja aibu inifikie kitandani. Haikuja. Nilihisi tu kwamba mto wa chini umeteleza na sina nguvu za kuuvuta.

Jumanne, 28 Januari

Otieno ameondoka kwa basi la asubuhi. Halima amemfungia sambusa. Akamwambia, "Ukifika huko usioe kabla hujaniletea nimwone." Akajibu, "Mama, nitakuletea watatu uchague."

Liban amebaki. Atakwenda Nairobi Jumapili ya wiki ijayo, tarehe tisa, kusaini siku inayofuata.

Halima ana furaha. Anaimba jikoni. Amekwishamtafutia msichana wa mtaa wa Bula Iftin, mwalimu, mrefu kiasi. Kila wikendi isiyo na mechi mwana atapanda basi na kuja. Aliingia akiniletea dawa, akainama, akanibusu kichwa. "Aabo, Mungu akulipe. Umenirudishia mwanangu."

Nikasema amin. Sauti ilitoka vizuri.

Ijumaa, 31 Januari

Nimejaribu sababu zangu moja moja, kama nilivyokuwa nikifanya na majibu ya wanafunzi.

Dini yake. Haisimami. Msikiti upo, na Nairobi ndiko alikoanza kuchelewa swala.

Ukoo. Haisimami. Ukoo ndio unaommaliza.

Mama yake. Inasimama nusu. Lakini nilipokuwa nikimdanganya sikumfikiria Halima hata kidogo.

Nimeacha hapo. Nimechoka.

Jumapili, 2 Februari

Hospitali usiku kucha. Maji mapafuni. Liban alinibeba hadi kwenye gari kama mtoto. Mikono yake mikubwa, kichwa changu kilikaa kwenye kiganja. Wamenipa oksijeni na sindano ya kukojoza. Nimerudi nyumbani jioni.

Nimekumbuka jambo moja tu kutoka usiku wote: nilipokuwa nimebebwa sikuogopa.

Jumatano, 5 Februari

Sheikh amekuja kunitembelea. Alikuwa mwanafunzi wangu, wa mwisho kabisa darasani kwenye somo la ramani, hajui hadi leo Mandera iko upande gani wa Takaba. Tunamtania hivyo na anakubali.

Halima alipotoka nilimwuliza swali kwa mbali. Mtu akimpa mwingine habari za uongo kuhusu mahali pa kuhamia, toba yake ni nini?

Hakuuliza ni nani. Alikunja kanzu magotini. "Mwalimu, aliyedanganywa amekwishahama?"

"Bado."

"Basi toba ni fupi. Amwambie. Akishahama ndipo inakuwa ndefu." Akanywa chai yake. "Na kama huyo mtu ni mgonjwa, asingoje apone kwanza."

Akaniombea dua. Nilitazama buibui dirishani wakati wote wa dua.

Alhamisi, 6 Februari

Sijamwambia. Nilikuwa na nafasi asubuhi. Alikuwa ameketi karibu nami akinisomea habari za michezo kwenye simu. Nilifungua kinywa nikaomba maji.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia.

Halima alikuwa kwa jirani. Liban aliweka beseni la maji ya vuguvugu, akaniosha miguu, akaanza kunikata kucha. Kucha zangu zimekuwa ngumu kama kwato. Alikuwa kwenye mguu wa kulia. Nikasema, "Habari nilizokupa za Kigali si kweli."

Aliendelea kukata.

Nikasema yote. Nilichogeuza na nilichotunga. Nilisema kwa Kisomali, taratibu, bila kupamba. Sikulia. Sauti yangu ilikuwa ile ya kusoma matokeo ya mtihani.

Aliuliza, "Bashir anahama?"

"Hahami."

"Msikiti uko mbali?"

"Karibu. Unatembea."

"Na watu?"

"Wana adabu."

Akauchukua mguu wa kushoto, akaumaliza, kidole kwa kidole, hakunikata. Akaukausha kwa taulo. Alipoinuka alijigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Kisha aligeuka. "Kwa nini, awoowe?"

Nikasema nilidhani namlinda. Alinitazama. Alijua kwamba hilo nalo si kweli, au labda nilijua mimi. Akatoka na beseni.

Hakula chakula cha jioni.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nilimsikia akizungumza na Bashir barazani, kwa muda mrefu. Kisha akampigia kocha wa Nairobi akaomba radhi. Kisha akapiga Kigali. Walikuwa bado wanamtaka. Nilisikia Otieno akipiga kelele upande wa pili wa simu hadi Liban akaitenga na sikio.

Halima ameambiwa. Hakuja chumbani hadi adhuhuri. Alipokuja aliweka dawa kwenye kigoda, akasimama akinipa mgongo, akipanga mapazia ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Kwa hiyo ulidanganya," akasema.

"Nilidanganya."

"Na ulipodanganya, mwanangu alikuwa anabaki."

Akavuta pazia moja, akalirudisha.

"Ungekaa kimya, aabo. Ungekaa kimya tu."

Akatoka. Dawa niliimeza bila maji, maji hakuleta.

Jumapili, 9 Februari

Ameondoka. Basi la asubuhi hadi Nairobi, ndege kesho.

Kwetu msafiri huomba radhi kabla ya safari kwa wote anaowaacha, maana hajui atakayemkuta. Aliingia akiwa amevaa tayari, akapiga goti kando ya kitanda na hata hivyo kichwa chake kilikuwa juu ya changu. Akasema, "Awoowe, kama nimekukosea popote, nisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Nilipaswa na mimi kuomba yangu. Nafasi ilikuwapo, alingoja kidogo. Sijui kilichonizuia. Akabusu mkono wangu, akaenda. Nilimsikia akimwambia mama yake asilie, ni saa moja na nusu tu kwa ndege, na Halima akamjibu kwamba yeye hana ndege.

Jumatano, 12 Februari

Halima haongei nami ila kwa mambo ya dawa na choo. Simlaumu. Ananigeuza kwa upole uleule. Mikono yake haijakasirika.

Joto limezidi. Mto umeshuka, wanasema unaweza kuvuka kwa miguu chini ya daraja. Sijauona tangu mwaka jana.

Alhamisi, 20 Februari

Ujumbe wa sauti kutoka Kigali. Liban anasema amelala kuanzia baada ya isha hadi alfajiri bila kuamshwa na mtu. Anasema aliamka akatafuta simu akidhani imeharibika. Yule mama wa Mogadishu amemwuliza ni wa nani, akamtajia ukoo, mama akasema hajali, ale. Nyuma yake Otieno anaimba vibaya.

Halima aliusikiliza mara nyingi. Mara ya mwisho alitabasamu kidogo, akaona nimemwona, akaacha.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Mimi sifungi, daktari amekataza, na Sheikh naye. Halima ananiletea uji mchana kwenye kikombe kilichofunikwa kwa adabu, kana kwamba tunaiba.

Wakati wa kufuturu tulikuwa wawili. Tende, sambusa, supu. Amepika sambusa nyingi mno kwa mazoea. Amepeleka kwa jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Bashir alinipigia. Alikuwa ukumbini usiku wa mechi. Liban alicheza robo zote na mwishoni bado anakimbia. "Adeer, yule mtoto anapumua!" Anasema watu wa kule wameanza kumwita mnara. Anasema baada ya mechi walimpongeza, wakampa mkono, kisha wakamwacha aende kulala.

Bashir hakutaja uongo wangu. Liban atakuwa amemweleza na wawili hao wameamua kunistiri. Niliaga vizuri.

Sheikh alikuja baada ya alasiri. Akasema hakika sasa kifua changu ni chepesi. Nikamwambia ndiyo. Alifurahi. Mtu mwema.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali tena. Wamenirudisha upesi kuliko mara ile. Nimeelewa maana yake.

Hakuna wa kunibeba. Vijana wawili wa jirani walinishika, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Niliogopa njia nzima.

Jumanne, 11 Machi

Naandika polepole. Herufi zinapanda mlima.

Halima amekuwa akizungumza nami tena tangu jana. Ameketi hapa akichambua mchele kwenye sinia. Aliniuliza kama amwite Liban. Msimu haujaisha, wana mechi tatu muhimu, akitoka sasa atapoteza nafasi. Lakini akiitwa atakuja, hilo hatuna shaka nalo.

Nikasema asiitwe. Acheze.

Halima aliweka sinia chini, akanishika mkono, akasema mimi ni mtu mkubwa. Anadhani huo ni ukarimu, kumbe nimetoa jibu sahihi tu. Sheikh atasema vivyo hivyo. Liban pia, siku atakayoambiwa.

Amerudi kwenye mchele. Ubaridi kidogo umeanza kuingia, na adhana bado.

Liban yuko mahali panapomfaa. Nilisema kweli kwa wakati. Nililofanya ni sawa na ninajua kuwa ni sawa. Nami najuta. Ningerudishiwa Ijumaa ile, ningenyamaza amalize kucha, aende Nairobi, aharibikiwe huko, mradi awe karibu.